Je, wajua kwa nini anayepewa hifadhi ya kisiasa hufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja?

Habari ikifika kwamba ombi limekubaliwa, ndugu na marafiki hupiga simu kupongeza. Mwenyewe mara nyingi hushukuru kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Wapo wanaodhani hana shukrani. Wanamwonea, maana huzuni hiyo imo ndani ya sheria yenyewe.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humlinda mtu kwa sababu ana hofu ya kweli ya kuteswa kwao. Lakini kifungu cha 1C kinasema ulinzi huo unaweza kukoma akirudi kwa hiari yake chini ya himaya ya serikali aliyoikimbia, mathalani kwa kuchukua tena pasipoti yake. Ndiyo maana hati ya kusafiria ya mkimbizi inayotolewa Uingereza huruhusu nchi zote isipokuwa ile aliyoikimbia. Nchi uliyozaliwa, yenye makaburi ya babu zako, ndiyo pekee iliyokatazwa.

Mzazi akifariki, ndipo uchungu unapozidi. Kwetu mtoto hutarajiwa awepo kaburini atie udongo. Mkimbizi hufuatilia maziko kwa simu, na bado wapo watakaouliza mbona hakuja. Hata mzazi akiwa hai, kumleta si rahisi: Marekani, aliyepewa hifadhi huruhusiwa kumwombea mwenzi wake na watoto wasio na ndoa walio chini ya miaka 21. Mama, baba na ndugu hawamo kwenye hesabu hiyo.

Kuna pia wenzake waliobaki, wengine mahabusu, na lile swali la usiku: kwa nini mimi nimeokoka? Mtaani nako husemwa kwamba "amejilipua" tu, yaani ametunga kisa cha ukimbizi, apate makaratasi. Neno hilo humuumiza sana aliyekimbia risasi kwelikweli.

Wachache hupata njia ya kurudi. Godbless Lema, aliyekuwa mbunge wa upinzani wa Arusha Mjini, Tanzania, alivuka kwenda Kenya na familia yake Novemba 2020, akakamatwa Kajiado, kisha akapokewa Canada. Alirejea Arusha Machi 2023, miezi miwili baada ya marufuku ya mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa kuondolewa. Mwanachama wa kawaida wa upinzani asiye na jina hawezi kuwa na hakika kwamba upepo ukibadilika juu, na kijijini kwao umebadilika. Na akijaribu kwenda kutazama, huenda akapoteza alichopewa: Canada, tangu mabadiliko ya sheria ya 2012, aliyevuliwa ukimbizi kwa sababu hiyo anaweza kupoteza hata ukaazi wa kudumu.

Kinachomwondolea hofu hiyo ni uraia wa nchi mpya. Mkenya anaweza kuuchukua bila kuacha wa kwao, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akiuchukua kwa hiari hupoteza uraia wa Tanzania, na siku atakayoweza hatimaye kwenda kuona kaburi la mama yake, ataingia kama mgeni.