Matewan: wanavyosimuliwa na walivyo

Matewan ni kimji cha jimbo la West Virginia, Marekani, kando ya mto Tug Fork. Ng'ambo ya mto ni Kentucky. Sensa ya 2020 ilikuta watu 412. Kila ukitajwa, watu husema yale yale: wenyeji wa milima ya Appalachia, wakali, wasio na sheria, wanaouana kwa visasi vya koo. Ni dhuluma kubwa kwa watu hawa.

Dhana: Mauaji ya 1920, watu 10 walipokufa kwa risasi mjini, yalikuwa mwendelezo wa uhasama wa koo mbili za huko, akina Hatfield na akina McCoy.

Ukweli: Ni kweli vijana watatu wa McCoy waliuawa Agosti 1882, ng'ambo tu ya mto. Lakini mji wenyewe ulizaliwa miaka ya 1890, reli ya Norfolk and Western ilipopenya bondeni kufuata makaa ya mawe, na uhasama ulikuwa umeshapoa. Kinachochanganya ni jina: mkuu wa polisi wa 1920 aliitwa Sid Hatfield.

Kisa cha mauaji ya 1920 kilikuwa kazi na nyumba. Wachimbaji walijiunga na chama cha wafanyakazi, kampuni ya makaa ikawaachisha kazi, na kwa kuwa nyumba zilikuwa zake, ikataka watoke. Tarehe 19 Mei walinzi wa kukodiwa wa shirika la upelelezi la Baldwin-Felts walipita nyumba hadi nyumba wakizitupia familia virago nje. Jioni, walinzi hao wakijiandaa kupanda treni ya kurudi, Sid na meya Cabell Testerman wakawakabili karibu na reli. Sid alitaka kuwakamata. Albert Felts, kiongozi wa walinzi, naye akatoa hati ya kumkamata Sid. Meya akaisoma, akasema ni ya bandia. Risasi zikalia. Walikufa watu 10: walinzi 7, wachimbaji 2 na meya mwenyewe. Matundu ya risasi bado yanaonekana kwenye ukuta wa matofali.

Dhana: Mji wote ulikuwa mali ya kampuni.

Ukweli: Kambi nyingi za makaa zilikuwa hivyo hasa. Nyumba ya kampuni, duka la kampuni, hata mshahara ukilipwa kwa vocha zilizokubalika katika duka hilo tu. Matewan ulikuwa na meya na polisi wake. Kwangu mimi hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu ndilo lililompa Sid nguvu ya kuwasimamisha walinzi wa kampuni na kuwadai amri ya mahakama.

Dhana: Wachimbaji wa huko walikuwa Wazungu watupu, wajukuu wa walowezi.

Ukweli: Walikuwamo Wamarekani Weusi waliopanda kutoka kusini, Waitaliano na Wahungaria. Waliofukuzwa walikaa pamoja kwenye mahema bondeni, baridi ikiwapiga wote.

Dhana: Watu wa huko walipenda vita.

Ukweli: Sid alishtakiwa kwa mauaji ya 1920 na akaachiwa huru. Kisha tarehe 1 Agosti 1921, yeye na rafiki yake Ed Chambers wakapigwa risasi kwenye ngazi za mahakama ya Welch, bila silaha, wake zao wakiwa ubavuni. Hakuna aliyepatikana na hatia. Mwisho wa mwezi huo wachimbaji wapatao 10,000 waliandamana hadi Blair Mountain, vitambaa vyekundu shingoni, na serikali ikaleta jeshi.  Maandamano yale yalifuata baada ya mauaji ya ngazini.

Dhana: Mji umeshakufa.

Ukweli: Umepungua, hilo halina ubishi, na mafuriko ya Aprili 1977 nusura yaufute. Ukajengewa ukuta wa kuzuia mto, ukakamilika 1997. Mwaka 2015 wenyeji walifungua jumba la makumbusho ya vita vya migodini. Sasa limo katika jengo lililokuwa benki, pamoja na tawi namba 1440 la chama kile kile ambacho wachimbaji walifukuzwa kwa kujiunga nacho.