Ripoti ya taulo si uwazi wa ushawishi

Nimesikia tena mtu wa utalii akisema kwamba hoteli fulani "ina uwazi wa ushawishi wa tabianchi" kwa sababu imetangaza kupunguza umeme, chupa za plastiki na ufuaji wa taulo. Kazi hiyo naiheshimu, ila neno limewekwa mahali si pake.

Uwazi wa ushawishi wa tabianchi ni kampuni kusema hadharani sheria zipi za tabianchi iliziunga mkono au kuzipinga, kupitia nani na kwa fedha kiasi gani, ili bodi na wenye hisa waweze kuihoji. Basi.

Kinachotukwamisha ni neno "ushawishi" lenyewe. Shina lake ni la Kiarabu, shawwasha, kuvuruga au kuchanganya. Kwetu likawa kumvuta mtu, mara nyingi kuelekea baya. Wakatoliki husali "usitutie katika kishawishi". Kwa hiyo tukiambiwa kampuni imewashawishi wabunge, tunawaza bahasha. Bahasha ni hongo, na hongo ni jinai. Kumweleza mbunge kwa nini muswada utakuumiza ni haki ya raia yeyote, mwenye hoteli akiwemo. Tukiyachanganya haya mawili tunamtuhumu asiye na kosa, na swali la maana, yaani alimwambia nini, halimfikii.

Wengine hukimbilia "lobi", neno la Kiingereza lenye maana ya ukumbi, nalo lina kisa chake. Husimuliwa kwamba lilizaliwa katika Hoteli ya Willard, Washington, ambako Rais Grant wa Marekani alikuwa akivuta sigara ukumbini huku wenye shida zao wakimzonga. Kisa kitamu, lakini si kweli. Grant alikuwa rais kuanzia 1869, na Wamarekani walikuwa wakilitumia neno hilo miongo kadhaa kabla yake. Ukumbi uliolizaa ni ule wa bungeni, wananchi walikokutana na wabunge wao, wala si wa mapokezi ya hoteli.

Leo hoteli kubwa mara nyingi haiendi yenyewe. Chama chake ndicho kinachoisemea. Sheria ya Marekani ya 1995 inawataka washawishi wajisajili na kutoa ripoti, na chama nacho hutoa yake, lakini ripoti hiyo haionyeshi kila mwanachama alichangia kiasi gani. Tazama Denver, jiji la jimbo la Colorado, Marekani. Mwaka 2021 jiji lilipitisha sheria ya kupunguza matumizi ya nishati katika majengo makubwa. Mwaka 2024 chama cha hoteli cha Colorado, pamoja na vyama vya wenye majengo, kilikwenda mahakama ya shirikisho kuipinga sheria hiyo na kanuni za jimbo zinazofanana nayo. Kushtaki si ushawishi, na ni haki yao. Isitoshe, hati za kesi zinasomeka. Mazungumzo ya ofisini kabla sheria haijapita ndiyo yasiyosomeka, na hoteli inaweza kuandika ahadi nzuri ya kupunguza kaboni huku ada yake ya uanachama ikilipia hoja za kinyume.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hoteli ikikuonyesha tani za kaboni ilizopunguza, sema imetangaza uzalishaji wake wa kaboni. Neno "uwazi wa ushawishi" liweke akiba hadi ikuonyeshe pia orodha ya vyama inavyovilipia ada, na vilichosema kwa niaba yake.