Ndani ya Ndege ya Kujiundia: Ziba Kwanza, Rangi Baadaye

Mtu anayejiundia ndege gereji kwake, awe Kajjansi au Soroti huku Uganda, akifika hatua ya kupaka rangi ndani huuliza achague kijivu au maziwa. Achague apendayo. Sisi wakufunzi wa ufundi wa ndege humuuliza jingine: umeziba wapi, na kwa kitu gani?

Penye hatari ni ule ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha rubani. Hupitisha nyaya za umeme, mipira ya mafuta na kebo ya akseleta, na kila tundu lililoachwa wazi ni njia ya moshi wa ekzosi. Moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Rubani huumwa kichwa, akadhani ni jua au njaa, kumbe akili yake imeanza kuzubaa. Tena Entebbe penyewe pako zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo oksijeni ya kuchezea haipo. Usiku ukiingia, zima taa za gereji, mwenzako amulike tochi kali upande wa injini, wewe keti ndani. Penye kupenya mwanga patapenya moshi.

Tumia gundi ya kuzibia iliyotengenezwa kustahimili moto. Silikoni ya bafuni iache kabisa: ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula aluminiamu. Povu la kujazia fremu za milango ni baya zaidi, linashika moto.

Tukija kwenye rangi, mabati mengi ya ndege ni aloi, yaani aluminiamu iliyochanganywa na shaba, iliyovishwa utando mwembamba wa aluminiamu safi ili isiliwe na kutu. Msasa mkali huuondoa utando huo. Steelwire, ile ya kusugulia sufuria, nayo usiiguse, vijipande vyake hunasa kwenye bati na kutu huanzia hapo. Ondoa grisi, sugua kidogo kwa pedi ya nailoni, kisha paka praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia zile za juu. Karibu na ziwa, asubuhi bati huwa na umande hata usipouona. Subiri jua lipande.

Praima ya kromati, ile yenye rangi ya kijani-manjano, husababisha saratani. Rangi za kuchanganya mikebe miwili mara nyingi zina kemikali iitwayo aisosaneti, inayoleta pumu, na barakoa ya kitambaa haifui dafu. Fundi anayepuliza rangi hizo anahitaji kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama gereji imepakana na chumba wanamolala watoto, kazi hiyo ifanyie kwingine.

Usipake kebo za usukani, puli, bawaba, wala sehemu zinapofungwa waya za ethi. Matundu ya kutolea maji yaache wazi. Vioo vya akriliki, yaani plastiki angavu, vifunike vizuri, maana tina na asetoni huvitia nyufa.

Halafu kuna uzito. Tabaka la mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kwenye mita za mraba 10 ni robo lita ya rangi kavu. Ukirudia mara nne kwa kutaka ing'ae, umeongeza zaidi ya kilo moja isiyokusaidia kuruka. Rangi ikikauka, pima ndege upya na uandike kwenye daftari uzito wake na kitovu cha uzito, yaani mahali uzito wote unapolingana, kabla mkaguzi hajafika.