Nyumba tano, kisima kimoja: dhana potofu kuhusu mrundikano wa magonjwa

"Daktari, saratani imeingia mtaani kwetu. Nyumba tano, kisima kimoja." Hayo nayasikia huku Lamu, mitaa ya Langoni na Mkomani, hata Faza, na mara nyingi msemaji huja na ramani mkononi.

Inayonichosha kuliko zote ni dhana kwamba wagonjwa wakikaribiana, lazima pana kitu. Mwaga mchele mkekani: punje zitarundikana huku na kuacha uwazi kule, wala hakuna aliyezipanga. Kibaya zaidi, mpaka huchorwa wagonjwa wakishajulikana. Nyumba ya jirani isiyo na mgonjwa huachwa nje, ya ng'ambo yenye mgonjwa huvutwa ndani. Na hiyo "saratani" ni ipi? Ya koo, ya matiti na ya tezi dume si ugonjwa mmoja!

Njia ya kusaka mrundikano aliyoichapisha mtakwimu Martin Kulldorff mwaka 1997 haichagui mpaka kwa macho. Duara hupitishwa ramani nzima, likipanuliwa kidogo kidogo, kwa kawaida mpaka likusanye nusu ya wakazi. Kila linaposimama, waliougua hulinganishwa na waliotarajiwa kwa idadi ya watu na umri wao. Kisha kompyuta huwatawanya wagonjwa kiholela, tuseme mara 999, na kila mara hutoa duara lililozidi yote. Duara lenu likipitwa mara 300, hiyo ni p ya 0.3, yaani bahati tu hutoa mrundikano mkubwa kama huo mara tatu katika kumi, na kisima cha watu kiacheni.

Eti kijiji chenye kiwango cha juu ndicho kilichoathirika zaidi? Mara nyingi ni kijiji chenye watu wachache tu. Kipungani akiongezeka mgonjwa mmoja, kiwango huruka. Asipopatikana mwakani, kijiji kinashika mkia.

Eti duara likithibitika, chanzo kimejulikana? Thubutu. Daktari John Snow wa London hakukijua chanzo kwa ramani: alishuku tangu 1849 kwamba maji hueneza kipindupindu. Ramani yake ya mlipuko wa 1854 aliichapisha kishikio cha pampu ya maji aliyoishuku kimeshang'olewa.

Wala kukosa mrundikano si kukosa mlipuko. Chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, mwaka 2004 iliambukiza takriban robo tatu ya watu wa mji wa Lamu. Mrundikano ungeutafuta mtaa gani?

Wenzangu wa zahanati, nawasihi tena: rejistani andikeni mtaa anaolala mgonjwa na tarehe dalili zilipoanza. Mtu wa Kizingitini aliyelazwa mjini asiandikwe "Lamu" tu, maana hapo hakuna hesabu itakayomrudisha kwao.