Ukavu si ushahidi

Jumanne mume alitangulia kuingia, mke nyuma yake, na kabla sijafungua faili akasema, "Daktari, huyu amekauka. Ana mpango wa kando." Mke alikuwa amempakata mtoto wa miezi minne, ananyonya. Jibu liko pale pale kwenye leso, linapiga mateke, na mzee bado anamsaka mwanamume mwingine.

Nimeshaeleza hili la ukavu wa uke mara nyingi mno, sasa naliandika.

Anayenyonyesha ana prolaktini nyingi, homoni ya maziwa, na estrojeni kidogo, homoni ya kike. Estrojeni ikipungua, ngozi ya uke huwa nyembamba na ute nao hupungua. Baada ya hedhi kukoma ni vivyo hivyo. Dawa za mzio zinazokausha kamasi zaweza kukausha na huku. Baadhi ya dawa za sonona hushusha hamu na kuchelewesha kilele. Haya, tusonge.

Kinachonikera ni ile hesabu kwamba ute ni hamu na ukavu ni kukataliwa. Ute ni kazi ya damu: mishipa inajaa, majimaji yanachujika kupitia ukuta wa uke. Mwili unaweza kufanya hivyo moyo ukiwa hautaki, na moyo ukataka mwili ukabaki nyuma. Harufu ya mutura ikikupitia jioni, mate hujaa kinywani hata kama umetoka kula. Mwanamke aliyelazimishwa aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini sana, kwa nini mwili wake "ulikubali". Haukukubali. Uliitikia, kama jicho linavyolia mbele ya kitunguu.

Na ukiwa na ute mwingi? Mwanamume mwingine alikuja kushtaki maji yamezidi, kwa hiyo lazima kuna anayempasha mkewe moto. Kosa jipya, hukumu ile ile. Ndipo wanawake wanajisugua ndani kwa sabuni, ndimu na shabu, wanaua bakteria wanaotunza asidi ya uke, kisha wanarudi kwangu na harufu na muwasho. Uke hujisafisha wenyewe. Acheni.

Kuhusu hamu, watafiti wa Marekani Masters na Johnson mwaka 1966 walichora mwitikio wa mwili kama ngazi: msisimko, msisimko kudumu juu, kilele, kutulia. Mwaka 2000 daktari Rosemary Basson wa Kanada akasema kwa wanawake wengi ni duara, hamu inaweza kuja baada ya ukaribu na mguso, si lazima itangulie. Naupenda mchoro wake, ingawa wapo wagonjwa wanaoutazama na kusema, "Daktari, huyu si mimi." Na wapo waume walioufanya rungu: "Si umesikia? Tukianza utataka." Hapana. Asiyetaka kuanza, hamuanzi.

Vitabu hutenganisha vizuri maumivu, hofu na kukosa hamu. Mimi nashindwa. Ukavu ulileta maumivu, maumivu yakaleta hofu, au hofu ndiyo ilitangulia? Mara nyingi natibu vyote pamoja, na mgonjwa akipona sijui ni kipi kilichomponya.

Wale wawili niliwapa jeli ya maji, nikawakataza Vaseline kwa kuwa mafuta huharibu kondomu za mpira. Mume akauliza bei. Kisha nikamuuliza mke analala saa ngapi. Akamtazama mumewe kwanza, akasema, "Usiku naamka mara tano. Yeye hajui, huwa amelala."

Mume akanyoosha mikono, akamchukua mtoto.