Handel Alishakufa, Mhariri Wake Je?

"Handel alikufa 1759, we toa tu kopi." Nimechoka kuisikia kauli hii kwenye kwaya. Messiah, kazi aliyoitungia kwaya na okestra, ni ya kila mtu, sikatai. Ila ulichoweka kwenye mashine ya kopi ni toleo la mchapishaji fulani, na humo kuna kazi za watu ambao huenda bado wapo hai na wanadai chao.

Nianze na Uingereza, maana vitabu vingi vya Messiah tunavyoimbia vimetoka huko. Mpangilio wa kurasa unalindwa miaka 25 tangu mwisho wa mwaka toleo lilipotoka: la 2005 linalindwa hadi mwisho wa 2030. Kuchapa tena kurasa zilezile hakuanzishi hesabu upya, hata jalada likiwa jipya. Kwa hiyo mwaka wa jaladani haukusaidii. Soma maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza wa nota. Haki hii inazuia kunakili ukurasa kama ulivyo. Ukizichapa nota mwenyewe kwenye kompyuta, hujaigusa.

Hapo watu hushangilia mapema. Sehemu ya kinanda chini ya sauti nne ni ya nani? Handel aliandikia okestra. Yupo aliyeibana okestra nzima iingie kwenye vidole kumi, na kazi hiyo ni yake maisha yake yote na miaka 70 baada ya kufa. Uichape upya mara mia, bado ni yake. Ebenezer Prout alitoa toleo lake 1902, akafa 1909: hilo chukua lote.

Besi yenye tarakimu nayo ni hivyohivyo. Handel aliacha besi na tarakimu, yaani namba zinazomwambia mpiga kinanda akodi za kupiga. Akodi za mkono wa kulia kaziandika mhariri. Matoleo makini huonyesha nyongeza kwa nota ndogo, italiki, mabano, au mistari ya nukta inayounganisha nota. Ondoa hizo, ubaki na Handel. Matoleo ya kizamani huchanganya kila kitu bila alama, na hapo itabidi ulinganishe na chanzo cha zamani, nota kwa nota.

Mpaka wenyewe uko wapi hasa? Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilimpa ushindi mhariri Lionel Sawkins dhidi ya kampuni ya kurekodi muziki ya Hyperion, kwa matoleo yake ya kazi za mtunzi Mfaransa Lalande, aliyekufa 1726. Sawkins hakutunga wimbo mpya. Alisahihisha makosa, akaongeza tarakimu za besi, akajaza sehemu za viola zilizopotea. Viola naelewa. Kusahihisha kunanitatiza: mhariri akipatia kabisa, nota ni ya Lalande, akikosea, ndiyo inakuwa yake? Marekani, tangu kesi ya Feist ya 1991 kuhusu kitabu cha namba za simu, jasho peke yake halitoshi kukupa haki, lazima kuwe na ubunifu kidogo.

Kwaya ya Mwanza au Kisumu inafuata sheria ya mahali kopi inapotolewa: Kenya na Tanzania Bara, maisha ya mwenye kazi na miaka 50. Aliyetafsiri maneno ya Haleluya kwa Kiswahili naye yumo kwenye hesabu hiyo.