Malumbano si ugomvi

Malumbano ni kujibizana kwa zamu baina ya watu wasiokubaliana, kila mmoja akiijibu kauli ya mwenzake. Maana yake haizidi hapo, lakini siku hizi neno hili limegeuzwa kuwa jina la ugomvi, na jambo hilo linanisikitisha. Hivi karibuni, katika kikao cha wazazi, mzee mmoja aliuliza kwa upole kwa nini mchango wa chakula umepanda, akanyamazishwa kwa kauli tuliyoizoea: "Hapa hatutaki malumbano." Mzee wa watu hakuwa amelumbana na yeyote. Alikuwa ameuliza swali, na lau angejibiwa ndipo malumbano yangeanza, tena yangekuwa ya heri.

Kulumba ni kusema kwa ufasaha mbele ya watu, na mlumbi ni msemaji hodari. Hiyo ni sifa, wala si tusi. Ukitia kiambishi cha kutendana unapata kulumbana, yaani walumbi wawili kupokezana maneno. Washairi ndio waliolitunza neno hili kuliko sote. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa tungo mwanzoni mwa karne ya 19, miji yao ilipokuwa ikihasimiana hadi kufikia Vita vya Shela. Tungo hazikuvizuia vita hivyo, na sidai kwamba zilikuwa za upole, kwani zilijaa vijembe na vitisho. Hata hivyo, katika desturi hiyo anayejibu aghalabu huifuata bahari ya mwenzake, yaani aina ya shairi aliyoitumia, na mara nyingi hata vina vyake. Sharti hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu huwezi kuvishika vina vya mtu ambaye hukumsikiliza hadi ubeti wa mwisho, wala huwezi kulifumbua fumbo lake ikiwa ulikuwa umeshughulika na kutafuta la kumwambia.

Kwa hiyo anayekutukana hajalumbana nawe, na watu wanaopigiana kelele pasipo kusikilizana hawalumbani, hata wakikesha. Mwenyekiti wetu, ambaye naamini alitaka amani tu, angeweza kusema kwamba hataki ugomvi, kisha akamweleza yule mzee mchango umepanda kwa nini.